Ndugu wa Nuruni: Desturi za Walokole wa Maziwa Makuu

Katika miaka ya 1930 na 1940, mwenye duka wa Kabale au wa Bukoba aliweza kujua kwamba fulani ameokoka kabla mchungaji hajapata habari. Mteja aliyekuwa akipitia nyuma ya soko kukwepa deni alikuja mwenyewe mchana kweupe, akahesabu senti zake mezani. Mhudumu wa hospitali ya misheni alirudi na shuka na mablanketi aliyokuwa ameyahamishia kwake kidogo kidogo. Mwingine aliswaga ng'ombe hadi kwa tajiri wake wa zamani na kuomba radhi. Maofisa wa serikali ya kikoloni walishangaa kuletewa kodi ambayo hawakuitarajia tena. Pengine walishtuka kidogo pia, kwa sababu karani anayeungama wizi wake hadharani hashindwi kumtaja na mkubwa aliyegawana naye.

Hao ndio walokole wa kwanza, watu wa uamsho uliochipuka Rwanda na Uganda ukaenea Tanganyika, Kenya, Burundi, Kongo ya mashariki na Sudan ya kusini. Siku hizi ukimtaja mlokole pale Dar es Salaam, watu wanamfikiria muumini wa kanisa la Kipentekoste mwenye spika kubwa na mkesha wa Ijumaa. Sina ugomvi na spika, ingawa jirani yangu anao. Lakini walokole wa awali walikuwa Waanglikana, Walutheri, Wapresbiteri na Wamethodisti waliobaki katika makanisa yao, kwenye mabenchi yale yale, chini ya askofu yule yule hata alipokwisha kuwachoka. Hawakuanzisha dhehebu. Walianzisha mila: namna ya kusalimiana, kula, kuoa, kuzika, kukopa na kugombana. Kwa maoni yangu moto wao ulikaa humo, katika mambo ya nyumbani yanayochosha kwa sababu hayana likizo, na ndiyo maana uliwaka muda mrefu kuliko mikutano mikubwa iliyoandikwa vitabuni.

Habari yenyewe inaanzia kwenye njaa. Mwaka 1928 na 1929 Rwanda ilipigwa na ukame mkali, na katika kituo cha misheni cha Gahini daktari Mwingereza, Joe Church, alichoka mwili na roho. Septemba 1929 alikwenda Kampala, na pale kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na cheo katika huduma za afya za serikali ya Buganda. Waliketi na Biblia zao, wakasoma na kuomba pamoja kama mtu na nduguye, jambo lisilo la kawaida siku zile kati ya Mzungu na Mwafrika. Baadaye Nsibambi aliacha kazi na cheo, akaacha na viatu, akawa mtu wa kanzu anayetembea peku akiwauliza watu habari za wokovu wao.

Miongoni mwa waliokutana naye ni Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali pale Gahini. Kinuka alikuja Kampala na malalamiko yake: hospitali haiendi, wafanyakazi hawaelewani, wakubwa ni wagumu. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamrudishia swali: ubaya wa hospitali ile umeanzia wapi kama si moyoni mwa wanaoifanyia kazi, naye akiwa mmoja wao? Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine. Kisa hiki hakina ngoma wala miujiza. Ni mfanyakazi aliyekwenda kulalamika akarudi kuomba radhi, na nadhani ndicho kinachoueleza uamsho wote.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa mwalimu hapo hapo Gahini. Alikufa kwa homa Januari 1936, akiwa bado kijana, akiwa ameandaa hoja za kupeleka kwenye sinodi ya Kanisa la Uganda kuhusu ubaridi wa viongozi na watu wanaokaribia meza ya Bwana huku wakiishi wapendavyo. Hoja zilifika, mwenye hoja hakufika. Tayari mwaka 1935 ulikuwa umefanyika mkutano mkubwa Kabale. Mwaka 1937 moto ukaonekana Kabete, nchini Kenya. Na mwishoni mwa muongo huo Wahaya wa upande wa magharibi ya Ziwa Viktoria walikuwa wakilia makanisani usiku kucha. Mikutano ya Kabale iliendelea: ule wa 1945 ulikuwa na kauli kwamba Yesu anatosha, na tangu hapo ukawa desturi ya kila miaka kumi.

Mikutano ya namna hiyo huja na kupita. Kilichobaki ni ushirika wa juma.

Ushirika hukutana nyumbani, mara nyingi sebuleni kwa mmoja wao. Kila anayeingia hukumbatiwa na kila aliyemo, tajiri na mpagazi, mchungaji na mfagizi wa kanisa. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, kumbuka ni wapi. Katika Buganda na Buhaya salamu ilikuwa ngazi: mwanamke hupiga magoti, mdogo huinama, mtu wa ukoo wa kawaida humsalimu wa ukoo wa kifalme kwa maneno yake mahususi. Watu waliolelewa hivyo waliposimama kifua kwa kifua wakiitana ndugu, jirani aliyechungulia dirishani aliona mapinduzi, na hakukosea sana.

Kisha wimbo, kisha shuhuda. Anayesimama hujitaja jina, husema ameokoka, husema tangu lini, halafu huingia kwenye habari ya juma hili. Hapo ndipo penye kazi. Ushuhuda wa zamani, wa siku ya kuokoka mwaka fulani, husikilizwa kwa heshima lakini hauruhusiwi kuwa maficho. Ndugu wanataka kujua Bwana amekufanyia nini tangu mlipoonana, na wewe umemfanyia nani nini. Nilimsikia mama mmoja mtu mzima, katika sebule moja ya Bukoba mjini, akieleza kwamba alimpimia jirani maharagwe kwa kopo lililobonyea, akijua limebonyea. Hakusema Shetani alimjaribu. Alisema, "Nililiona lile kopo zima liko pale pale juu ya pipa, nikalipita." Akaendelea kwamba jana yake alimpelekea jirani nusu kilo, na jirani, ambaye ni Mwislamu, alicheka sana na kukataa kuipokea mpaka akapikiwa chai. Hakuna aliyecheka sebuleni. Waliimba ule wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ambao Mhaya, Mkikuyu na Mnyarwanda wote wanauimba kwa Kiganda hicho hicho bila kuhitaji kutafsiriwa, na mwingine akasimama.

Ndicho wanachokiita kutembea nuruni. Dhambi ikishatajwa haina mahali pa kujificha, na ikikosa maficho haina nguvu. Aliyesema nusu husaidiwa kumalizia. Ndugu mwenye umri atamwambia kwa upole, "Mwanangu, hapo bado hujafika msalabani," naye ama ataendelea ama ataketi, na akiketi atajua kwamba juma lijalo watamngoja. Pia huweka nuruni mambo ambayo si dhambi: nataka kununua shamba, nimeitwa kazini Mwanza, binti yangu amepata mchumba. Mtu wa nje huona wanaingiliana mno. Kwao, mtu anayefanya uamuzi mkubwa bila ushirika ni kama mgonjwa anayejitibu gizani.

Buhaya na Buganda zilikuwa na njia yao ya kuwafanya watu wasio wa tumbo moja kuwa ndugu. Wawili walichukua buni mbili zilizokaa ndani ya ganda moja la kahawa, wakachanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akapaka buni yake damu na kumpa mwenzake aimeze. Tangu hapo nyumba ya huyu ikawa ya yule; kumnyima chakula, kumficha ukweli au kumtoa kwa adui kulikuwa kosa linaloweza kuua. Watu wenye desturi kama hiyo hawakuhitaji kuelezwa kwa muda mrefu walipoambiwa kwamba damu ya Yesu imewafanya ndugu. Walijua damu inadai nini. Mgeni mlokole kutoka Kigezi, upande wa Kabale, aliposhuka Bukoba usiku bila taarifa, alipewa kitanda, chakula na maji ya kuoga, na asubuhi wenyeji walimsindikiza hadi kwa ndugu wengine mbele ya safari. Josiah Kibira, Mhaya aliyeokoka mwaka 1947 na baadaye akawa askofu wa Walutheri wa Kaskazini Magharibi ya Tanzania, aliandika kitabu kizima juu ya kanisa na ukoo. Mwaka 1977 alichaguliwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Sioni ajabu kwamba mtu aliyelelewa katika ushirika wa sebuleni alikuwa na la kuwaambia Walutheri wa Ulaya kuhusu kanisa kama ukoo.

Sahani nayo ilibadilika. Mwanamke wa Kiganda hakula kuku wala mayai. Alipika, akamwekea mume, akala kingine. Senene nao, wanawake waliwaokota na kuwasafisha, walaji walikuwa wanaume. Walokole waliweka kuku mezani, mke na mume wakala pamoja na watoto. Ankole, Mhima mwenye ng'ombe aliketi kula na Mwiru mkulima. Kwa mtu wa leo hivi ni vitu vidogo, lakini wazee wa koo walivichukia kuliko mahubiri yoyote. Waliweza kuvumilia kijana anayesema habari za mbinguni. Mke anayekula firigisi lilikuwa jambo jingine.

Ugomvi mkubwa zaidi ulikuwa wa pombe. Katika nchi ya migomba, rubisi haikuwa kinywaji cha kulewa tu. Ilikwenda kwa mtawala kama heshima, ilifungua mazungumzo ya mahari, ilimwagwa kwa ajili ya wahenga, ilikaa katikati ya msiba. Mlokole aliyekataa kuikanyaga, kuinywa na hata kuibeba alikuwa amejiondoa katika karibu kila kikao cha wanaume. Baba alimwona mwanawe kama mtu aliyemtemea mate. Harusi za walokole zikawa za chai, mandazi na wali, na wajomba walikaa nje wakinong'ona kwamba huu si uoaji. Wengine, hasa Kenya, walipunguza mahari au walikataa kuyadai kabisa, wakisema binti hauzwi, na hapo walimgusa kila mtu mfukoni. Misibani waliimba badala ya kuomboleza kwa kilio cha desturi, na mjane aliyeokoka alikataa kurithiwa na shemeji. Mara nyingi huyo mjane alijikuta hana pa kukaa isipokuwa kwa ndugu, na hapo neno ndugu lilipimwa kweli: kuna nyumba zilizolea wajane na watoto wao mpaka wakaoa na kuolewa.

Ndani ya nyumba zenyewe kulikuwa na kazi isiyoonekana. Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekuwa mwalimu Dodoma katika miaka ya 1940 na 1950 kabla hajawa askofu na mhubiri wa kimataifa, alipenda kusimulia ugomvi wake na mkewe Mera. Walikosana, naye alikuwa na zamu ya kuhubiri muda mfupi baadaye. Akachukua Biblia yake kuondoka. Moyoni akasikia Roho akimwambia aende tu, yeye angebaki jikoni na mkewe. Kivengere alirudi, akaomba msamaha, kisha ndipo akaenda kuhubiri. Husimuliwa pia jinsi alivyopanda baiskeli mwendo wa maili nyingi kwenda kumwomba radhi mmisionari Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Mwafrika kumwomba Mzungu msamaha kwa kumchukia, wakati wa ukoloni, si jambo ambalo kila msomaji atalipokea kwa utulivu, na wapo wazalendo waliowalaumu walokole kwa hilo. Lakini wamisionari nao walilazimika kusimama mbele ya Waafrika na kuungama kiburi na ubaguzi wao, na wengine walifanya hivyo huku wakitetemeka. Desturi ilikuwa kali kwa pande zote.

Ukali huo ulionekana kwa damu wakati wa viapo. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Kenya. Katika nchi ya Wakikuyu kiapo cha wapiganaji wa Mau Mau kilikuwa na damu na nyama ya mbuzi, na aliyekataa alihesabiwa msaliti. Ndugu wa uamsho walikataa, wakisema wamekwisha kunywa damu ya Yesu na hawawezi kunywa nyingine juu yake. Wengine waliuawa kwa neno hilo. Watu husahau upande wa pili: serikali ilipotaka kuwapa bunduki wajilinde pamoja na askari wa vijijini, wengi wao walizikataa pia. Wakabaki katikati, bila silaha, wakishukiwa na pande zote mbili. Mtu anaweza kusema walikwepa mapambano ya ardhi ya watu wao, na hoja hiyo ina uzito. Ardhi ilikuwa imeibiwa kweli. Hawezi kusema walichagua upande ulio salama.

Rwanda, Januari 1964, mchungaji Yona Kanamuzeyi wa Nyamata, aliyekuwa akihudumia wakimbizi wa Kitutsi, alichukuliwa na askari usiku na kuuawa kando ya mto. Mwenzake aliyeachiwa alisimulia kwamba Yona alikwenda akiimba. Uganda, Janani Luwum, Mwacholi aliyeokoka Januari 1948 na kuwa askofu mkuu mwaka 1974, aliuawa chini ya Idi Amin tarehe 16 Februari 1977 baada ya maaskofu kuandika barua ya kupinga mauaji. Kivengere alivuka mpaka kwa miguu milimani kuingia Rwanda mwezi huo huo, na mwaka ule ule akatoa kitabu kidogo chenye jina lililowaudhi wengi, kikisema anampenda Idi Amin. Aliulizwa mara nyingi kama alikuwa na akili timamu.

Ningekuwa naandika sifa tu, ningeishia hapo. Lakini desturi hizi zilikuwa na ubaya wake, na walioishi karibu nazo wanaujua.

Kuungama hadharani kulivunja nyumba nyingine. Mwanamke aliposimama kusema amezini, alitaja na mwenzake, na mume, aliyekuwa ameketi safu ya nyuma au aliyesikia kilabuni, hakusikia habari ya neema. Wazee wa Kihaya walilalamika kwa mamlaka kwamba siri za vyumba vyao zimegeuzwa nyimbo, na kwa kweli hawakuwa wanafiki wote. Heshima ya nyumba ilikuwa ndiyo paa lake. Nadhani pia ushirika ulikuwa mwepesi kwa mwanamume mwenye kuungama hasira, mzito kwa msichana mwenye mimba. Mtu aliyeungama na kusamehewa aliweza kukumbushwa miaka kumi baadaye, kwa sauti ya upole, jambo ambalo halikupaswa kukumbukwa.

Bidii nayo ilizaa kiburi chake. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, pamoja na William Nagenda ambaye baadaye alihubiri nchi nyingi, walifukuzwa kwa kukataa amri ya kuacha kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri chuoni. Huwezi kuwalaumu kwa kuamka mapema. Unaweza kuwahurumia walimu waliokuwa wakiambiwa kila asubuhi kwamba wao ndio hawajaokoka. Kwa Wajaluo, mvutano juu ya uamsho uliishia kwa kundi kubwa kujitenga na Waanglikana mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuunda kanisa lao chini ya Matthew Ajuoga. Walijiita watu wa upendo, na jina lenyewe lilikuwa shitaka dhidi ya waliobaki. Uganda, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970, walitokea walioitwa walioamka upya, wakiongozwa na Yona Mondo, wakiwaambia ndugu wenzao kwamba wamepoa, wamependa mavazi, wamezoea mikopo. Suala la mikopo liliwagawa kweli kweli. Mlokole anayekopa benki kujenga nyumba, je, anatembea nuruni au amejitia utumwani? Walimu na wachungaji wenye mishahara walijibu hivi, wakulima wasiokopesheka wakajibu vile, na kila upande ulikuwa na Warumi 13 mkononi.

Jeraha kubwa kuliko yote ni Rwanda yenyewe. Gahini, mahali moto ulipowashwa, pako katika nchi ambayo mwaka 1994 waliobatizwa waliwaua waliobatizwa, wengine ndani ya makanisa. Wapo ndugu waliokataa. Israel Havugimana, Mhutu aliyeongoza kazi ya shirika la uinjilisti la African Enterprise nchini humo na aliyekuwa akiwakutanisha waumini wa pande zote mbili, aliuawa Aprili, katika siku za kwanza kabisa za mauaji hayo. Wapo waliowaficha majirani darini na kwenye mashimo. Lakini viongozi wa makanisa walikuwa karibu mno na serikali, na wengi walinyamaza. Nimejiuliza sana kwa nini. Jibu ninaloliona ni kwamba ushirika ulikuwa mahiri wa kuleta nuruni dhambi ya mtu: kopo lililobonyea, hasira, wivu. Dhambi ya boma haikuwa na mtu wa kusimama kuishuhudia. Katika miaka ile ile ya mwanzoni mwa muongo wa 1930, wakati Gahini wakiungama wizi wa shuka, Wabelgiji walikuwa wakiwaandikia Wanyarwanda kabila kwenye vitambulisho. Ndugu waliketi Mhutu na Mtutsi kwenye mkeka mmoja, jambo kubwa, kila mmoja akiwa na kitambulisho chake mfukoni, na kile kitambulisho hakikuletwa nuruni.

Baada ya mauaji, kilichowasaidia baadhi ya watu kuanza tena kuzungumza kilikuwa ni ujuzi ule ule wa zamani: mtu kusimama, kutaja alichofanya bila kusingizia, na kwenda kwa aliyemkosea na kitu mkononi. Hautoshi. Kurudisha ng'ombe kuna kipimo. Kurudisha mtoto hakuna.

Ukizunguka Kagera, mkoa wa Wahaya, sasa utakuta ushirika wa wazee bado upo, umepungua. Salamu yao imewazidi umri: "Bwana asifiwe" na jibu la "Amina" vinatumika redioni, kwenye kampeni, hata na mwanasiasa anayetaka watu wanyamaze kidogo. Jumapili baada ya ibada, mikungu ya ndizi, kuku na mayai yaliyotolewa sadaka hupigwa mnada nje ya kanisa, na wenye kipato hushindana kwa furaha kupandisha bei ya mkungu mpaka unazidi thamani yake mara tatu. Hiyo nayo ni bidii, na paa nyingi za makanisa zimeezekwa nayo. Wazee wa ushirika hununua kimya kimya mayai mawili na kwenda zao. Wana mashaka ya siku nyingi na utoaji unaopigiwa makofi.

Vijana wa mijini wana shida yao. Wengi wanapanga chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki watu kumi na tano wakiimba Kiganda saa mbili usiku. Wamehamishia mengi kwenye makundi ya WhatsApp, ambako kila siku huletwa maombi, mistari na picha za maua, na ambako sijawahi kuona mtu akiungama. Ukiwauliza wanasema, kwa haki kabisa, kwamba ujumbe unaweza kupigwa picha na kusambazwa, wakati sebule haina kumbukumbu ya namna hiyo. Huandika tu kwamba wana hitaji la siri, nao wengine huitikia kwa alama ya mikono iliyounganishwa. Mzee mmoja wa Bukoba anayekaa na mwanawe jijini aliliita hilo "hospitali ambayo mgonjwa haruhusiwi kusema panapomuuma." Vijana hawakupenda, lakini baadhi yao walikwenda kutafuta mahali pa kuonana uso kwa uso. Walichopata ni chumba cha mikutano cha ofisi moja katikati ya Dar es Salaam, baada ya saa za kazi, kwa hisani ya bosi ambaye si mlokole. Wanaimba kwa sauti ya chini, wanashuhudia kwa zamu, na shuhuda zimekuwa fupi kuliko za Kagera, kwa sababu mlinzi anafunga lifti saa moja.